Nyuma hakufifii: utatuzi wa ukungu wa mandharinyuma kwa kamera ndogo

Malalamiko yanafanana. Umemsimamisha bibi harusi mahali pazuri, umepiga, na kwenye picha kinaonekana kila kitu: yeye, bodaboda iliyoegeshwa, nyaya za umeme, mpaka namba iliyoandikwa juu ya mlango wa jirani. Mwenzio mwenye kamera kubwa kapiga palepale na nyuma kwake kumeyeyuka. Ushauri unaotolewa haraka ni kununua kamera kubwa, na mara nyingine ni ushauri sahihi. Lakini mara nyingi kamera ndogo ingeweza, ila imewekwa katika hali inayoinyima nafasi. Tufuate dalili moja moja, ila kwanza tuelewane ukungu wenyewe unatoka wapi, maana karibu kila tatizo hapa chini linarudi kwenye hesabu hiyo moja.

Hesabu ya ukungu

Fokasi ikikaa usoni, nukta ya mwanga iliyo mbali nyuma haiangukii kihisi cha kamera (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ikiwa nukta. Inaanguka ikiwa kiduara. Viduara vikiwa vikubwa na kupandana, ndio ukungu. Ukubwa wa kiduara ukilinganishwa na fremu nzima unaamuliwa na mambo matatu. La kwanza ni kipenyo halisi cha tundu la lenzi, kwa milimita. La pili ni ukubwa wa eneo ulilolibana ndani ya fremu pale aliposimama mtu: uso na mabega, au mwili mzima, au pete tu. La tatu ni umbali wa kutoka kwa mtu hadi vitu vya nyuma, ukilinganishwa na umbali kati yako na mtu.

Kipenyo cha tundu hukipati kwa kuangalia namba ya f peke yake. Unachukua urefu wa fokasi halisi, ule wa mm ulioandikwa kwenye ukingo wa lenzi, unaugawanya kwa namba ya f. Kwa mfano, kamera ya mfukoni ya Canon PowerShot SX620 HS imeandikwa 4.5–112.5 mm na f/3.2–6.6. Hizo namba nne zinatosha kupata tundu lake kwenye pembe pana na mwisho wa zumu.

Wengi husema kosa ni la kihisi kidogo. Ni kweli, ila kwa njia ya kuzunguka: kihisi cha milimita 6.17 kwa 4.55, ambacho kimo kwenye kamera nyingi za mfukoni, kinahitaji lenzi fupi ili kuona eneo lilelile, na lenzi fupi ina tundu dogo. Tundu ndilo linalofanya kazi. Kihisi hukibadilishi, lakini tundu unaweza kulipanua, na hapo ndipo tunapoanzia.

Dalili: mbele na nyuma, vyote vinaonekana wazi

Hii ndiyo kesi ya wengi, na chanzo chake karibu kila mara ni zumu. Kamera ndogo ukiiwasha, lenzi inatoka ikiwa kwenye pembe pana. Kwa SX620 HS hapo ni 4.5 gawanya kwa 3.2: tundu la milimita 1.4. Kichwa cha njiti ya kiberiti ni kipana kuliko hapo. Mtu akisogea karibu, sentimita arobaini na kitu, ili ajaze fremu kwa uso na mabega, bado nyuma kutaonekana.

Vuta zumu ya lenzi mpaka mwisho. Sasa ni 112.5 gawanya kwa 6.6, yaani milimita 17. Tundu limepanuka mara kumi na mbili. Hapa ndipo watu hutishika, kwa sababu skrini inaonyesha f imepanda kutoka 3.2 hadi 6.6, na wamefundishwa kwamba f kubwa inaua ukungu. Inaua pale tu urefu wa fokasi unapobaki uleule. Ukivuta zumu, urefu wa fokasi unakua kwa kasi kuliko f, na tundu linakua nao. Kwa hiyo kung'ang'ania f/3.2 kwenye pembe pana ni kujinyima mwenyewe.

Tuone kinachotokea kwenye karatasi. Chukua picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15, mtu amebanwa kutoka kichwani hadi kifuani, yaani upande mrefu wa fremu umeshika kama sentimita 60 za mwili wake, na vitu vya nyuma viko mita 10 kutoka mgongoni kwake. Kwenye pembe pana, kila nukta ya nyuma inakuwa kiduara cha milimita 0.3 hivi. Jicho halioni ukungu hapo. Zumu ikiwa mwisho, huku wewe umerudi nyuma mpaka mita 11 hivi ili umbane vilevile, kiduara kinafika milimita 2. Hapo nyaya zinapotea na majani yanakuwa rangi tu.

Ndiyo, mita 11. Utahitaji kuongea kwa sauti, au kumweka mtu wa kupokezana maelekezo, na wapita njia watakatiza kati yenu. Hiyo ndiyo bei yake.

Kamera yenye zumu fupi inapata kidogo zaidi ya hakuna. Sony DSC-W800, ambayo lenzi yake ni 4.6–23 mm na mwisho wa zumu ni f/6.4, ina tundu la milimita 3.6 na itatoa kiduara cha milimita 0.7 katika mpangilio uleule. Canon IXUS 185, 5–40 mm na f/6.9 mwishoni, inafika milimita 5.8 za tundu na kiduara cha milimita 1. Hiyo milimita 1 inatosha kulainisha majani ya mwembe. Haitoshi kufuta maandishi ya bango.

Na kwa wanaoionea wivu kamera kubwa: ile lenzi ya 18–55 mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi kubwa, ukiivuta hadi 55 mm kwenye f/5.6, ina tundu la milimita 10, na kwenye kihisi cha APS-C, ukubwa wa kawaida wa kamera hizo, itakupa kiduara cha milimita 2 na chembe katika mpangilio uleule. Karibu sawa na hiyo ya mfukoni iliyovutwa mpaka mwisho, nafasi ikiruhusu. Tofauti ni kwamba mwenye kamera kubwa amesimama mita moja na nusu kutoka kwa bibi harusi, hapigi kelele.

Dalili: nimevuta zumu mpaka mwisho, na nyuma bado kunaonekana

Uliza kwanza: nyuma kuko umbali gani? Mtu aliyeegemea ukuta wa Fort Jesus hatapata ukungu kwa kamera yoyote ndogo, kwa sababu ukuta na mgongo vipo umbali mmoja. Hata akisogea mbele mita moja, hesabu inabaki mbaya: umesimama mita 11, ukuta uko mita 1 nyuma yake, na kile kiduara cha milimita 2 kimeshuka hadi 0.36. Umerudi ulikoanza, na umetembea bure.

Kinachosaidia ni kumtoa mtu kwenye kitu cha nyuma. Akiwa mita 2 mbele yake bado ni kidogo. Mita 10 ni sawa. Mita 20 na zaidi ni bora, kiduara kinakaribia milimita 2.7. Kwa wenye Forodhani au ufukwe wowote jirani, bahari ni ya bure: mgongo wa mtu uelekee maji, majahazi yaliyoko mbali yawe vivuli laini. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wapigaji wengi humweka mtu mbele ya ukuta wa upande wa pili, mita mbili tu. Mgeuze. Elekeza kamera kwenye urefu wa kichochoro, na mtu asimame pale ambapo nyuma yake kuna mita 30 za njia. Kichochoro kilekile, picha nyingine kabisa.

Nyumbani ni hivyohivyo. Fungua mlango wa mbele na wa uani, mtu akae kwenye njia ya upepo, uani pawe nyuma yake.

Sababu ya pili ni zumu ya dijitali. Lenzi ikifika mwisho wake, kamera nyingi huendelea "kuvuta" kwa kukata picha katikati na kuikuza. Tundu halipanuki hata kidogo. Unapoteza pikseli na unalazimika kusimama mbali zaidi. Kwenye mstari wa zumu huwa pana alama au mabadiliko ya rangi panapoishia zumu ya lenzi. Ingia kwenye menyu, uizime, ili lenzi ikigota ujue imegota.

Sababu ya tatu ni tamaa ya kubana eneo kubwa, na hiyo ina sehemu yake.

Dalili: picha ya uso ina ukungu, ya mwili mzima haina

Kamera haijaharibika. Ukitoka kwenye sentimita 60 hadi mita 2 na robo ili miguu na joho vyote viingie, umeongeza eneo karibu mara nne, na ukungu unagawanyika kwa kiasi hichohicho kabla hata hujahesabu kwamba umerudi nyuma. Kwa SX620 HS zumu ikiwa mwisho ungesimama mita 40 kutoka kwa mhitimu. Kwenye viwanja vya chuo siku ya mahafali, kati yenu kutakuwa na ukoo mzima wa watu wengine.

Maoni yangu: kwa kamera ya kihisi kidogo, ukungu kwenye picha ya mwili mzima usiutafute. Piga mwili mzima kwa mandhari iliyopangika, halafu piga ya kifuani kwa ukungu. Wanaotaka vyote viwili kwenye picha moja wanahitaji tundu ambalo kamera hiyo haina.

Kinyume chake ni habari njema kwa wapiga vitu vidogo. Ukibana eneo la sentimita 4, pete kwenye kidole au ua la hina kiganjani, hata lile tundu la milimita 1.4 la pembe pana linageuka kubwa: kwenye picha ya sentimita 15 nyuma ya mbali inakuwa na viduara vya milimita 5. Ni ukungu ambao kamera ileile haitaufikia kwa uso wa mtu. Washa makro, ile alama ya ua, acha zumu kwenye pembe pana, sogea mpaka kamera ikubali kukamata fokasi. Jambo la kuchunga ni kivuli cha lenzi yenyewe kuanguka juu ya pete. Geuka ili mwanga uingie kutoka ubavuni.

Watu huwasha makro kisha wakavuta zumu, kamera ikagoma. Kwenye kamera nyingi ndogo makro ya karibu sana inafanya kazi kwenye pembe pana tu. Ukivuta zumu, umbali mdogo kabisa wa fokasi unaruka kutoka sentimita chache hadi mita moja au zaidi. Kijitabu cha kamera kina jedwali la umbali huo, na ni ukurasa mmoja unaostahili kusomwa kuliko mingine yote.

Dalili: ukungu upo, lakini umemfunika na mtu mwenyewe

Usibahatishe hapa. Kuza picha kwenye skrini ya kamera na utafute kitu chochote kinachoonekana sawasawa.

Kama majani ya nyuma yako wazi na uso umefifia, fokasi imeruka kwenda nyuma. Hutokea sana zumu ikiwa mwisho, kwa sababu fokasi otomatiki inapenda mahali penye mistari na tofauti ya mwanga, na uzio au matawi vinamshinda mtu aliyevaa nguo ya rangi moja. Weka fokasi kwenye kisanduku cha katikati au utambuzi wa uso, bonyeza kitufe nusu, ngoja kisanduku kiwe kijani, ndipo umalizie. Uso ukikataa, lenga ukosi wa shati au ukingo wa mtandio ulio umbali sawa na macho, shikilia nusu, rudisha fremu, piga.

Kama hakuna kitu kilicho wazi popote, na kila nukta imekuwa mstari unaoelekea upande mmoja, ni mkono. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue sekunde moja gawanya kwa urefu wa fokasi wa kulinganisha. SX620 HS ikiwa mwisho ni sawa na 625 mm ya kamera ya filamu ya 35 mm, kwa hiyo kama 1/600. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinakuruhusu ushuke chini ya hapo, lakini hakimzuii mtoto kugeuka. Panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 400 au 800 bila kuona haya. Chembechembe kidogo ni nafuu kuliko uso uliotikisika. Egemea nguzo, viwiko vibane kifuani, au weka kamera juu ya ukuta na utumie kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Kama kila kitu kimefifia bila mistari, na kisanduku kilikuwa cha njano au kilimetameta, umesogea karibu mno. Rudi nyuma nusu mita ujaribu tena.

Na kama kila picha ina utandu mweupe, hata za pembe pana, hiyo si fokasi. Ni alama za vidole kwenye kioo, au ni mvuke. Pwani, kamera ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia nje penye unyevu, kioo kinajaa umande papo hapo. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje, usiifute kwa kanga. Utandu usioondoka kwa kufuta, wenye matawi kama uzi, ni kuvu ndani ya lenzi, na kwa kamera ya bei ndogo matengenezo huzidi thamani yake.

Dalili: naweka f ndogo, kamera inairudisha juu

Haiasi. Lenzi za zumu za kamera ndogo zina mipaka miwili: f/3.2 ni ya pembe pana tu, na kadiri unavyovuta ndivyo namba ya chini inayowezekana inavyopanda. Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, ni f/1.8 kwenye 10.4 mm na f/4.9 kwenye 37.1 mm. Gawanya: milimita 5.8 kwenye pembe pana, 7.6 mwishoni. Ile 1.8 iliyochapwa kwa mbwembwe kwenye kisanduku ina tundu dogo kuliko 4.9 isiyosifiwa na mtu.

Kama kamera haina modi ya A wala Av (ya kuchagua f mwenyewe), kama ilivyo kwa IXUS 185, hakuna unachokosa sana. Baadhi ya kamera za aina hiyo hazina hata apecha, kile kilango cha kufunga na kufungua tundu. Mwanga ukizidi zinashusha kioo cha kijivu mbele ya kihisi, na tundu linabaki lilelile wakati wote. Kwa kazi ya ukungu hiyo ni faida, maana kamera haiwezi kulifunga bila wewe kujua. Alama ya kichwa cha mtu kwenye gurudumu nayo isikupe matumaini makubwa. Kwenye kamera nyingi kazi yake kubwa ni rangi na ulaini wa ngozi.

Mwenye A au Av aweke namba ya chini kabisa inayokubalika baada ya kuvuta zumu, aiache hapo.

Dalili: juani picha inaungua na kuwa nyeupe

Hii inawapata wenye kamera za kihisi cha inchi 1, zenye f/1.8, saa sita mchana. Jua kali kwenye ISO 100 linataka karibu 1/100 kwa f/16. Ukifungua hadi f/1.8, kasi inayotakiwa inakaribia 1/8000, na shata ya RX100 inakomea 1/2000. Ziada ni mara nne ya mwanga unaotakiwa. RX100 III na Canon G7 X zina kichujio cha kijivu ndani kinachopunguza mwanga hadi moja ya nane. Kiwashe kwenye menyu. Isiyonacho, mpeleke mtu kivulini. Kivuli cha mwembe kinasaidia kwa namna mbili, kwa sababu hata macho hayakunjiki.

Ndani ya ukumbi ni tatizo kinyume. SX620 HS ukivuta zumu unabakiwa na robo ya mwanga uliokuwa nao kwenye pembe pana, na flashi ndogo haifiki mita 11. Hapo acha ukungu, subiri watoke nje.

Dalili: ukungu umepatikana, lakini nyuma kunachafua macho

Kiduara cha milimita 1 au 2 hakifuti kitu, kinakilainisha tu. Herufi za bango zenye ukubwa wa sentimita moja kwenye picha zitasomeka. Mapengo ya jua kati ya majani yatakuwa vidoa vyeupe vinavyopigana na uso. Mpigaji mwenye tundu la milimita 28 anaweza kuwa mzembe wa mandhari, wewe huwezi.

Tafuta nyuma ambako tayari kumetulia: maji, mbingu ya jioni, ukuta wenye rangi moja ulio mbali, kivuli kizito cha miti isiyopenyeza jua. Hapa zumu ndefu ina faida isiyotajwa sana: inachukua kipande chembamba sana cha mandhari ya nyuma. Hatua mbili kushoto zinatosha kuondoa nguzo ya umeme na kuweka mnazi. Chuchumaa, nyuma inakuwa mbingu. Panda ngazi, inakuwa mchanga. Ukimweka mtu kwenye mwanga laini na nyuma yake kukawa na giza, atatengana na mandhari hata pale ukungu ni haba, na ninakiri kwamba picha nyingi ninazozipenda za kamera ndogo zimetegemea giza zaidi kuliko ukungu.

Dalili: mmoja kwenye kundi yuko wazi, wengine wamefifia

Umezidisha. Wapange kwenye mstari mmoja ulio sambamba na kamera, au punguza zumu.

Dalili: ukungu wa programu unakata nywele na masikio

Baadhi ya kamera ndogo zina modi ya kufifisha nyuma kwa hesabu. Sony HX9V ya 2011, kwa mfano, hupiga picha mbili mfululizo kisha ikafifisha nyuma yenyewe. Mtu akitikisika kati ya hizo mbili, kingo zinaharibika. Mwambie atulie mpaka kamera imalize kuandika. Simu zinafanya kazi ya jamii hiyo kwa haraka zaidi, na zinakosea palepale: miwani, nywele zilizofumuka, pindo za shela, nafasi kati ya mkono na kiuno.

Ukifanya mwenyewe kwa programu ya kuhariri picha kama GIMP au Snapseed, kosa linalomfichua mtu haraka ni ardhi. Anafifisha kila kitu isipokuwa mwili, na mtu anaonekana kuelea. Ardhi iliyo miguuni lazima ibaki wazi kama viatu, kisha ukungu uongezeke taratibu kadiri ardhi inavyokwenda mbali. Kitu kilicho umbali sawa na mtu, kiti alichokalia au mwenzake aliye pembeni, nacho kibaki wazi. Na usizidishe: ukungu kiasi unaaminika, mkubwa unaonyesha mkato wa kingo.

Dalili: nimefanya yote, bado haitoshi

Basi ni suala la tundu, na sasa unajua la kuuliza dukani. Chukua namba za mwisho wa zumu kwenye ukingo wa lenzi, gawanya mm kwa f. Canon G7 X Mark II, 8.8–36.8 mm na f/2.8 mwishoni, inatoa milimita 13, na kwa mpangilio wetu wa mita 10 kiduara cha milimita 2.8 ukiwa umesimama chini ya mita 2 kutoka kwa mtu. RX100 ya kwanza inatoa 1.6, chini ya SX620 HS penye nafasi ya wazi. Lakini sebuleni, nyuma kukiwa mita 2 tu, RX100 inashinda kwa milimita 1 dhidi ya 0.7, na kule mwenye SX620 HS hana hata pa kurudi nyuma mita 11. Kamera kubwa ya zamani yenye lenzi ya 50 mm f/1.8 ina tundu la milimita 28 na kiduara cha milimita 6. Hakuna ya mfukoni kati ya hizi inayoikaribia.

Kwa kamera iliyotumika ambayo maandishi ya ukingoni yamefutika, washa, vuta zumu ya lenzi mpaka mwisho, piga picha moja hapohapo kwenye kaunta, kisha fungua maelezo ya faili kwenye simu au kompyuta. Urefu wa fokasi na namba ya f vimeandikwa humo. Soma urefu halisi, usisome ule wa kulinganisha na 35 mm. Ukigawanya huo wa pili utapata tundu ambalo kamera haina.